Mzabibu Usiopogolewa

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri mbele ya kikundi chetu cha masomo ya Biblia, hapa Dodoma. Walioshindwa kufika wameomba niiandike, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina baba, asanteni kwa kuja na jua hili. Vijana mliosimama mlangoni, sogeeni, nafasi zipo huku mbele.

Mmeona nilichokiweka mezani. Ni kichala kimoja cha zabibu nyeusi. Nimekikata asubuhi shambani kwa mama, na vumbi lake bado sijalifuta. Naomba tuanze nacho. Ninachuma punje moja, naiminya. Ganda linabaki kidoleni, jeusi, chachu kidogo. Nyama inatoka na maji yake. Na hivi viwili vidogo ndizo kokwa. Nani hapa anatafuna kokwa ya zabibu? Hakuna. Hata watoto wetu wanaoiba zabibu shambani hutema kokwa njiani, na ndivyo tunavyojua walikopitia.

Sasa sikilizeni kitabu cha Hesabu, sura ya 6. Mtu mume au mtu mke akiweka nadhiri ya Mnadhiri, atajitenga na divai na kileo. Hatakunywa siki ya divai. Hatakunywa maji yoyote ya zabibu. Hatakula zabibu mbichi wala zilizokauka. Na siku zote za kujitenga kwake hatakula chochote kitokanacho na mzabibu, tangu kokwa hata maganda.

Kokwa, ndugu zangu! Kitu ambacho hakuna anayekitaka. Kwa nini Torati imkataze mtu kokwa? Kama tatizo ni ulevi, kokwa haijamlevya mtu tangu dunia iumbwe. Zabibu mbichi haijamlaza mtu mtaroni. Basi kuna jambo lingine hapa, na hilo ndilo nililoombwa kulizungumza leo.

Kwanza tuelewane kwenye jina, maana wengi tunateleza hapo. Mnadhiri si Mnazareti. Nazareti ni mji wa Galilaya, na Bwana Yesu anaitwa Mnazareti kwa sababu alilelewa huko. Divai alikunywa. Yeye mwenyewe katika Luka 7 anasema Yohana Mbatizaji alikuja, hali mkate wala hanywi divai, wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja, anakula na kunywa, wakamwita mlafi na mlevi. Wawili hao walikuwa ndugu, na kila mmoja alikuwa na njia yake mezani.

Kiswahili chetu nacho kinatuficha kitu. Kwetu nadhiri na Mnadhiri ni shina moja, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Kwa Kiebrania ni maneno mawili. Nadhiri ni neder. Mnadhiri ni nazir, na shina lake ni kujitenga, kuwekwa kando. Kutoka shina hilohilo linatoka neno nezer, yaani taji, lile la mfalme na la kuhani mkuu. Hesabu 6 inaposema kwamba alama ya kujitenga kwa Mungu iko juu ya kichwa cha Mnadhiri, neno lililotumika ni hilo la taji. Zile nywele zisizoguswa na wembe ni taji lake.

Halafu kuna mahali pengine neno hili linatokea, na hapa nawaomba wakulima wa zabibu mnisikilize kwa makini. Ni Mambo ya Walawi 25. Mwaka wa 7 ardhi inapumzishwa. Hakuna kupanda, hakuna kupogolea. Na mzabibu ulioachwa mwaka huo bila kupogolewa unaitwaje kwa Kiebrania? Unaitwa nazir.

Ninyi mnajua kupogolea ni nini. Unaingia shambani na mkasi, unakata, unakata, mpaka mtu asiyejua anadhani umeua shamba. Unabaki na vijiti vikavu juu ya waya. Wiki chache baadaye chipukizi zinatoka. Na mnajua shamba lisilopogolewa linafananaje: matawi yamelala chini, majani yamefunika kila kitu, zabibu ndogo ndogo zimejificha. Mpita njia anasema, mwenye shamba hili amehama. Lakini mwaka ule wa 7 mwenye shamba hakuhama. Aliuacha mzabibu kwa makusudi, kwa sababu mwaka ule shamba lilikuwa la Mungu. Basi mtu mwenye nywele ndefu zisizokatwa, asiyegusa hata kokwa ya zabibu, anaitwa kwa jina la mzabibu. Tangu nilipoliona hilo miaka kadhaa iliyopita, sijaweza kupita kwenye shamba lililoachwa nisilikumbuke.

Jambo la kwanza ninalotaka tulibebe ni hili: divai ile ilikuwa nzuri. Narudia, maana najua baadhi yenu mmeshtuka. Katika Israeli ya kale divai ilikuwa nzuri. Zaburi 104 inamshukuru Mungu kwa divai imfurahishayo mtu moyo wake. Divai ilimiminwa pamoja na sadaka. Walipotaka kusema nchi ina amani, walisema kila mtu yuko chini ya mzabibu wake na mtini wake. Kule Gibeoni, kilomita chache kaskazini magharibi mwa Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale walifanya kazi kuanzia mwaka 1956 wakakuta vyumba 63 vilivyochongwa ndani ya mwamba. Vina umbo la chupa: mdomo mwembamba juu, tumbo pana chini, kina cha mita 2 hivi. Ni maghala ya divai. Hebu fikirini kazi ya kuchonga mwamba namna ile kwa patasi, ili tu mchuzi wa zabibu ukae mahali pa baridi. Watu hawafanyi hivyo kwa kitu wanachokidharau.

Kwa hiyo Mnadhiri hakuambiwa aache takataka. Aliombwa aache furaha ya nyumba yake, na aiache yote, pamoja na kipande kisicho na ladha. Ndiyo maana ya kokwa. Ukimpa mtu shamba, unampa mpaka mawe yaliyomo. Huchambui.

Ulevi Biblia inaukemea kwingine, kwa maneno makali, na mimi sitaulainisha. Makuhani walikatazwa divai wanapoingia hemani, Mambo ya Walawi 10, ili wajue kutofautisha kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu. Lakini akili ya Mnadhiri ni nyingine. Anasema, kitu hiki ni chema, na kwa siku hizi nimempa Mungu.

Lakini walikuwepo pia watu ambao hawakuwa Wanadhiri na hawakunywa, na hawa wananigusa sana. Fungueni Yeremia 35.

Ni wakati wa mfalme Yehoyakimu, miaka 600 na kidogo kabla ya Kristo. Majeshi ya Nebukadneza yako nchini. Watu wanakimbilia ndani ya kuta za Yerusalemu, na miongoni mwao ni ukoo wa Warekabi, watu wa mahema, wafugaji. Wagogo wenzangu mtawaelewa upesi. Mungu anamwambia Yeremia: waite, walete ndani ya nyumba yangu, uwape divai wanywe.

Hebu tuione picha hiyo. Wageni, wakimbizi, wametoka porini na mbuzi wao. Wanaingizwa hekaluni, kwenye chumba cha watu wakubwa, jirani na chumba cha wakuu. Mbele yao yamewekwa mabakuli yaliyojaa divai, na vikombe. Na anayewaambia wanywe ni nani? Ni nabii wa Mungu. Ndani ya nyumba ya Mungu. Ungefanya nini wewe? Mgeni, huna mahali pa kulala, nabii anakukaribisha! Nani angekulaumu?

Wakasema, hatutakunywa. Baba yetu Yonadabu mwana wa Rekabu alituamuru tusinywe divai, sisi wala wana wetu, milele. Tusijenge nyumba, tusipande mbegu, tusiwe na mizabibu, tukae mahemani siku zetu zote. Nasi tumeitii sauti yake, sisi, na wake zetu, na wana wetu, na binti zetu.

Huyo Yonadabu ndiye aliyepanda gari la mfalme Yehu wa Israeli katika 2 Wafalme 10. Kutoka siku ile hadi siku ya mabakuli ni zaidi ya miaka 200. Hesabuni vizazi. Babu wa babu alitoa neno, na wajukuu wa wajukuu, wakiwa wakimbizi mjini, wanalishika mbele ya nabii. Tena hawakujifanya wakamilifu. Waliungama kwamba sasa wanakaa Yerusalemu, ndani ya kuta, kwa sababu ya kuogopa majeshi. Hema limewashinda kwa wakati huu, lakini divai haijawashinda. Mnaona uaminifu wao? Neno moja vita vimewazuia wasilitimize, na bado hawakusema, basi tuache na mengine.

Mungu hakuwasifu Warekabi kwa sababu maji ni bora kuliko divai. Aliwasifu kwa sababu neno la baba yao lilisimama, na Yuda neno la Mungu halikusimama kwao. Akawaahidi kwamba Yonadabu hatakosa mtu wa kusimama mbele zake. Na mamia ya miaka baadaye, katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, kuna orodha ya koo zilizokuwa zikileta kuni za madhabahu, kila ukoo na siku yake. Tarehe 7 ya Av, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa siku ya wana wa Yonadabu mwana wa Rekabu. Walikuwa bado wapo, na walikuwa wanabeba kuni.

Jambo la pili. Nadhiri ya Mnadhiri ilikuwa na siku, na siku zile zilikuwa na gharama.

Sisi tunapenda kuapa milele. Mtu ameamka na kichwa kinamuuma, anasema, sitagusa tena maisha yangu yote! Ijumaa inafika. Torati ilikuwa na busara zaidi. Mnadhiri wa kawaida alikuwa na muda, na asipoutaja, Mishna inasema ni siku 30. Katika siku hizo asinyoe, asiguse cha mzabibu, asikaribie maiti. Hata baba yake akifa, hata mama yake. Na mtu akifa ghafla karibu naye, bila kosa lake, ananyoa kichwa siku ya 7, siku ya 8 analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na mwana-kondoo wa sadaka ya hatia, kisha anaanza upya. Siku zilizotangulia zinapotea. Fikirini umefika siku ya 29.

Siku zikitimia, analeta mwana-kondoo dume, mwana-kondoo jike na kondoo dume mkubwa, pamoja na kikapu cha mikate isiyotiwa chachu. Ananyoa nywele zake mlangoni pa hema, na zile nywele, lile taji, zinatupwa kwenye moto ulio chini ya sadaka ya amani. Kisha Torati inasema jambo zuri sana katika mstari wa 20: baada ya hayo Mnadhiri aweza kunywa divai. Mungu mwenyewe anamrudishia kikombe.

Gharama hiyo haikumpendeza kila mtu. Kuna simulizi ya wanazuoni wa Kiyahudi kuhusu kuhani mkuu aliyeitwa Simoni Mwenye Haki. Mzee huyu hakuwa akila sadaka ya hatia ya Mnadhiri aliyetiwa unajisi na maiti. Kwa nini? Alijua watu wengi wanaapa wakiwa na hasira au majuto, na siku zikiharibika wakatakiwa kuanza upya, wanachukia, na sadaka inaletwa na moyo uliokwisha kuondoka. Alikula mara moja tu maishani. Alikuja kijana kutoka kusini, mchungaji, macho mazuri, nywele za mawimbi zimepangika kichwani. Simoni akamuuliza, mwanangu, umeona nini hata ukaamua kuziharibu nywele nzuri namna hii? Kijana akasema, nilikuwa nachunga kondoo wa baba yangu. Nikaenda kuteka maji kisimani, nikajiona kwenye maji, na tamaa yangu ikanirukia, ikataka kunitoa duniani. Nikaiambia, mwovu wewe, unajivunia dunia isiyo yako? Naapa, nitakunyoa kwa ajili ya Mbingu. Simoni akasimama, akambusu kichwani. Akasema, mwanangu, Wanadhiri kama wewe na wawe wengi katika Israeli.

Akasimama. Kuhani mkuu anamsimamia mchunga kondoo.

Na yuko mwanamke ambaye ningependa binti zetu wamjue. Helena, malkia wa Adiabene, nchi iliyokuwa eneo la Erbil ya leo, kaskazini mwa Iraki. Aliishi karne ya 1, na aliipokea dini ya Kiyahudi akiwa mtu mzima. Mwanawe alikwenda vitani. Mama akasema, mwanangu akirudi salama, nitakuwa Mnadhiri miaka 7. Akina mama mliowahi kukesha mkisubiri simu, mnaielewa nadhiri hiyo. Mwana akarudi. Helena akatimiza miaka yake 7, akapanda Yerusalemu kuleta sadaka. Wanazuoni wa shule ya Hilleli, mwalimu mkuu wa Kiyahudi, wakamwambia, miaka uliyokaa nje ya nchi hii haihesabiki, anza tena. Akaanza tena, 7 mingine. Mwishoni kabisa akatiwa unajisi. Akaanza tena. Miaka 21. Mwalimu mmoja, Rabi Yuda, alisema ni 14 tu. Sawa, hata iwe 14! Malkia mwenye pishi la kifalme, miaka 14 bila punje ya zabibu, kwa ajili ya mtoto aliyerudi. Huyo ndiye Helena ambaye mwanahistoria Yosefo anasema, njaa ilipoingia Yerusalemu, alituma watu wanunue nafaka Misri na tini zilizokaushwa Kupro, akawagawia wenye njaa. Mikono iliyojifunga isishike kikombe ilikuwa wazi kwa wenye njaa.

Mwaka 70 hekalu likateketea. Sasa jiulizeni, nani anaumia hapo ambaye hatumfikirii? Mnadhiri aliyeko njiani. Mishna inasimulia Wanadhiri waliopanda kutoka uhamishoni wakakuta hekalu limebomolewa. Wamesafiri na nywele zao ndefu, na hakuna madhabahu, hakuna moto wa kuziweka. Mwalimu aliyeitwa Nahumu Mmedi akawauliza, mngejua hekalu litabomolewa, mngeweka nadhiri? Wakasema, hapana. Akawafungua. Wanazuoni wengine hawakukubali: aliyeweka nadhiri kabla hekalu halijabomolewa, bado ni Mnadhiri. Nawafikiria wale watu. Mlango wa kuingilia walipita, na mlango wa kutokea umeungua.

Baada ya msiba ule wengine waliapa kutokula nyama wala kunywa divai kabisa. Rabi Yoshua akawaendea, akawauliza, wanangu, kwa nini? Wakasema, tule nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na sasa haitolewi? Tunywe divai iliyokuwa ikimiminwa, na sasa haimiminwi? Akasema, basi na mkate tusile, maana sadaka ya unga imekoma. Wakasema, tutakula matunda. Na matunda tusile, maana malimbuko yamekoma. Tutakula matunda mengine. Basi na maji tusinywe, maana maji nayo yalikuwa yakimiminwa. Wakanyamaza. Ndipo akawaambia kwa upole: kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani. Mtu apake nyumba yake chokaa, ila aache sehemu ndogo bila kupakwa.

Akina baba mafundi, mnaiona? Ukuta mzima mweupe, na kipande kidogo cha udongo kimeachwa. Mgeni anauliza, hapa vipi? Na mwenye nyumba anapata nafasi ya kusimulia. Wanazuoni hao hao walibishana kama Mnadhiri aitwe mtakatifu au mwenye dhambi, kwa kuwa amejinyima kitu ambacho Mungu hakumkataza. Mimi nimesoma pande zote mbili, na nasimama na Simoni aliyembusu yule kijana. Lakini nawaheshimu waliouliza.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Nadhiri ya mtu mmoja iko mikononi mwa watu wengi.

Mtazameni Samsoni, Waamuzi 13. Kabla hajazaliwa, nani aliyeambiwa asinywe divai? Mama yake, mke wa Manoa. Malaika alimwendea yeye, akamwambia jihadhari, usinywe divai wala kileo, kwa maana mtoto atakuwa Mnadhiri tangu tumboni. Mwili wa mama ulibeba nadhiri ya mtoto. Kisha sura ya 14, kijana amekua, tunamkuta wapi? Kwenye mashamba ya mizabibu ya Timna. Wayahudi wana msemo wa kale: Mnadhiri huambiwa, zunguka, zunguka, usilikaribie shamba la mizabibu. Na tunajua alikoishia, bonde la Soreki, kwa Delila. Soreki lenyewe ni jina la mzabibu bora.

Mtazameni Hana, 1 Samweli 1. Anamwombea mtoto, anaahidi wembe hautapita kichwani mwake. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Na kuhani Eli, mtu wa Mungu, anamwambiaje? Utakuwa mlevi hata lini? Achana na divai yako. Mwanamke ambaye hajagusa divai wala kileo, anayeimimina roho yake mbele za BWANA, anaitwa mlevi mlangoni mwa kanisa. Imetokea mara ngapi kwetu? Tunamwona mtu analia peke yake kwenye benchi, na mdomo wetu uko tayari kabla ya jicho.

Halafu Amosi. Mchungaji wa Tekoa, zama za Yeroboamu wa pili, nchi ina utajiri. Mwaka 1910 huko Samaria walifukua vigae vilivyoandikwa wino, kumbukumbu za mizigo iliyoingia: divai ya zamani, mafuta safi, kutoka kijiji fulani kwenda kwa bwana fulani. Ni kama vitabu vya stoo. Divai ilikuwa inamiminika mjini. Na Amosi anasimama anasema kwa niaba ya Mungu, sura ya 2: niliinua baadhi ya vijana wenu wawe Wanadhiri, sivyo hivyo, enyi wana wa Israeli? Lakini mliwapa Wanadhiri divai wanywe.

Msikieni vizuri. Hakusema Wanadhiri walikunywa. Alisema mliwapa. Shtaka halikwenda kwa aliyeshika kikombe. Lilikwenda kwa aliyemimina.

Mimi nilimimina. Naomba niliseme hili na mnivumilie. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na mtoto mgonjwa, amelazwa. Akaahidi mbele za Mungu kwamba hatagusa mvinyo mpaka mtoto atoke wodini. Tulikuwa na shughuli ya kipaimara ya mpwa wetu. Mimi ndiye niliyekuwa napita na chupa. Nikafika kwake, akaweka kiganja juu ya glasi. Nikamwambia, kaka, moja tu, heshimu shughuli ya mtoto. Akasema hapana. Nikacheka, nikawaambia waliokuwa mezani, kaka amekuwa padri. Meza nzima ikacheka. Nikauona mkono wake unaondoka juu ya glasi, polepole. Nikamjazia.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini kaka hakuwahi tena kutamka ahadi mbele yangu juu ya jambo lolote, na ni miaka 11 sasa. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Ule mkono unaoondoka juu ya glasi bado ninauona.

Katika Mishna kuna kisa kifupi sana, mistari miwili mitatu. Mwanamke alikuwa amelewa. Wakamjazia kikombe kingine. Akasema, mimi ni Mnadhiri kwa kikombe hiki! Wanazuoni wakakaa, wakaamua: huyu hajawa Mnadhiri, alimaanisha tu kikombe hiki kwangu ni mwiko. Waliielewa sauti yake. Mtu aliyezidiwa, anayeendelea kujaziwa, alishika neno kubwa kuliko yote aliyoyajua ili waache kumimina.

Sasa upande wa pili. Matendo 21, Paulo anafika Yerusalemu. Wazee wanamwambia, tunao watu 4 waliojifunga nadhiri. Uwachukue, ujitakase pamoja nao, uwagharimie wapate kunyoa vichwa vyao. Hesabuni kwa sheria ya Hesabu 6. Wanyama 3 kwa kila mtu, watu 4, ni wanyama 12, na vikapu 4 vya mikate. Mfalme Agripa wa kwanza naye alifanya hivyo kwa Wanadhiri wengi, anasimulia Yosefo. Masikini aliweza kuanza nadhiri, maana kuacha hakuna bei. Kumaliza ndiko kulikokuwa na bei. Akasubiri na nywele zake mpaka mwenye nacho alipofika.

Hizo ndizo njia mbili za kumkaribia mtu mwenye nadhiri. Kumjazia, au kumgharimia.

Namalizia na jambo la nyumbani. Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi hapa, na watakaohudumu mezani ni ninyi vijana. Mvinyo wa zabibu zetu utakuwepo, na hakuna ubaya. Lakini humo ukumbini watakuwemo watu wenye siku zao. Mwingine ni daktari amemkataza. Mwingine amemwahidi mke wake. Mwingine amemwahidi Mungu jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote. Naomba majagi ya maji na juisi yatangulie, yafike kila meza kabla ya chupa. Na ukimkuta mtu ameweka kiganja juu ya glasi, usimuulize kwa nini. Usiwatazame wenzake. Mletee glasi nyingine, ijaze maji mpaka juu, uende meza inayofuata.